Unakula kwa Mkono Gani?

Garissa, 9 Juni 1997

Mdogo wangu Hanad,

Assalamu alaykum. Mama mzima, mbuzi wazima, duka linakwenda. Huko Nairobi unakula kweli?

Sasa lawama. Uliniambia daktari wenu anatafuta watu wa dhikri wa miaka mingi, walale ndani ya mashine ya sumaku, ubongo wao upigwe picha wakimtaja Mungu. Nikawaleta wanawake wa dhikri yangu ya Alhamisi, kumi na watatu, mimi wa kumi na nne. Muema, kijana wenu wa kuuliza maswali, akauliza: una chuma mwilini? Unaweza kulala bila kutikisika? Kisha: "Unakula kwa mkono gani?" Wote, kulia. Nami nikasema kula ni kulia, lakini kukata kitambaa, kurusha jiwe, ni kushoto. Akanifuta kwenye orodha! Eti ubongo wa mtu wa kushoto umepangwa tofauti, utamchanganyia daktari picha.

Hanad, Mwislamu gani atakwambia anakula kwa kushoto? Mmeuliza watu sitini, hapa mpaka Wajir, wa kushoto nikawa mimi peke yangu? Kwetu tumezaliwa sita, wa kushoto wawili: mimi na wewe.

Ile picha naitaka. Sheikh mpya anasema dhikri yetu ni kelele za mashetani. Nitaitundika dukani aione.

Dada yako mkubwa,
Ramlo

Nairobi, 23 Juni 1997

Abaayo, dada yangu Ramlo,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, ila baridi ya hapa inauma mpaka magego.

Muema anarudi Agosti. Mwambie ulikosea, sema kulia, yaishe. Lile swali nililitunga mimi. Likionekana bovu, kazi sina. Mkono wa kushoto tulichapiwa tangu utotoni, kwa nini uutoe hadharani leo?

Mdogo wako,
Hanad

Garissa, 8 Agosti 1997

Hanad,

Salamu. Mama anakohoa kidogo, si neno.

Muema amekuja. Sikusema kulia. Mbuzi wa jirani alikuwa anakula mahindi yangu, nikawaambia wenzangu: "Mfukuzeni!" Wanne waliokota mawe kwa kushoto. La Ugbad, mmoja wao, lilimpata mbuzi kwenye pembe.

"Lakini mama, wewe uliniambia kulia!" Muema akalia.

"Uliuliza chakula," Ugbad akamjibu. "Mbuzi hukuuliza."

Mwambie daktari wewe kabla Muema hajamwambia. Nilikusomesha kwa kuuza shuka. Sikukusomesha uuonee haya mkono wako.

Dada yako,
Ramlo

Nairobi, 2 Desemba 1997

Abaayo,

Mko hai? Barabara imekatwa na maji, barua hii naipa ndege ya chakula cha msaada.

Nilimwambia daktari. Hakunifukuza. Wote sitini wanaulizwa upya: unarusha kwa mkono gani, unakata, unashona. Lakini sharti limebaki, wa kushoto hawaingii. Nilikuombea, akakataa. Picha hutapata, abaayo. Niwie radhi.

Mdogo wako wa kushoto,
Hanad

Garissa, 16 Januari 1998

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi, tuko hai. Maji yamechukua ukuta wa nyuma wa duka, ule wa mbele umesimama. Mama kikohozi kimemwacha.

Wale tisa wa kulia watakuja barabara ikifunguka. Wapokee vizuri, Rahmo hali pilipili. Sisi watano tunabaki, na sheikh bado anapiga kelele kuhusu kelele zetu.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilishika tasbihi kwa mkono wa kushoto, mbele ya wote. Ugbad akanitazama, akaihamishia kushoto na yake. Tulipomaliza, punje tisini na tisa zilikuwa zimepita. Hesabu ile ile.

Mwambie daktari.

Dada yako,
Ramlo