Mashine ya Kukuzia Picha

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kitambo nikisubiri marahaba yako. Mazoea yana taabu. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Mama bado yumo edani, na karakana yako ya kuchora mabango hapa Chemchem naifungua mimi, Mwajuma wako. Baba Mdogo alidhani nitachoka baada ya arobaini. Sikuchoka. Nalia, halafu nachanganya rangi, ile kidogo inayopatikana.

Nakuandikia kwa ajili ya neno moja. Unalijua. Siku ile ya ubao wa duka la ushirika ulipiga mistari yako kwa kamba na chaki, miraba midogo kwenye karatasi, miraba mikubwa kwenye ubao, ukaihamisha picha mraba kwa mraba kama ulivyonifundisha. Mkono ukatetemeka, pua ya mtu ikapinda. Nami nikasema, mbele ya wateja, "Baba, si bora twende kwa Padre wa Kipalapala, ana mashine ya kukuzia picha? Mashine haitetemeki." Uliosha brashi, ukavaa kofia, ukaenda msikitini kabla hata ya adhana. Sikukuomba radhi. Nilisema nitaomba kesho. Kesho zikawa nyingi, kisha ukalala kitandani, kisha basi.

Sasa sikiliza. Walikuja vijana wa kijiji cha ujamaa kule Isikizya. "Mwangaluka," wakasalimu, wakamtafuta fundi kila pembe. Nikawaambia fundi ndiye mimi. Wanataka kibanda cha mchezo wa kurusha pete, wakiweke kwenye maonyesho ya Sabasaba: pande tatu za mbao, kila upande umepita urefu wa mtu, mkulima na jembe lake, ng'ombe wa plau, tumbaku iliyokomaa. Kazi kubwa hivyo sijapata kuifanya peke yangu. Siku tatu nilizunguka na kamba yako mkononi. Nikipiga miraba, Sabasaba itanipita. Nikienda kwenye mashine, nitakuwa nimelisema neno lile mara ya pili, nawe hupo hata uninunie.

Nilikwenda, Baba.

Padre, mzee mnene asiyejua kukaa bila kutania, aliziba madirisha kwa magunia mchana kweupe. Mashine unaiweka juu ya kigoda, unaingiza mchoro mdogo, na taa yake inautupa ukutani ukiwa mkubwa. Nilikuwa nimeunganisha karatasi za mifuko ya saruji, nikazibandika ukutani, nikafuatisha mistari kwa mkaa ili baadaye niihamishie kwenye mbao. Upesi ajabu! Adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Nilifurahi, nikaona haya kufurahi.

Padre akaondoa magunia. Astaghfirullahi! Mkulima kichwa kama boga, miguu ya kuku. Ng'ombe pembe zimemzidi mwili. Kumbe mashine ikikaa chini ikatazama juu, picha inatanuka upande wa juu, na gizani, pua ikiwa imegusa ukuta, huoni kitu. Wewe ulinifundisha kurudi nyuma hatua kumi nitazame kazi. Mimi sikurudi hata moja. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Padre, safari hii, hakutania. Akasema, "Usilie, mwanangu. Baba yako naye alikosea hivi hivi, kwa kigoda hicho hicho."

Kumbe zile safari mbili ulizotuaga kwamba unakwenda Kipalapala kumwangalia mgonjwa zilikuwa za kuifuata mashine! Ulikuwa umeshaanza kukohoa, Mama anakugombeza, nawe unapanda baiskeli. Padre anasema ulichora kichwa cha boga, ukacheka mpaka ukapaliwa. Kisha ukaipandisha mashine juu ya meza mbili zilizobebana, mpaka ikatazamana na katikati ya ukuta. Ukamwambia, "Mkono wangu unatetemeka, binti yangu ameliona hilo kabla yangu. Nataka nijue mashine hii inakosea wapi, nije nimfundishe."

Hukupata nafasi. Homa ilikutangulia.

Tulizibebanisha meza, nikafuatisha upya. Nyuso nilizichora kwa mkono, maana mashine haijui jicho la mtu aliyevuna. Kibanda kimeondoka jana kwa mkokoteni wa ng'ombe. Baba Mdogo alikizunguka, akaguna tu, lakini jioni akaniletea kopo la rangi nyekundu ambalo sijui kalitoa wapi.

Inaniuma, Baba. Miezi minne nimelala na neno langu kifuani nikidhani ulikufa nalo, kumbe wewe ulishalibeba kwa baiskeli ukaenda kulifanyia kazi. Ungeniambia! Au mimi ningekuuliza, nilikuwa na mdomo. Tuliishi nyumba moja, tukila sahani moja, kila mmoja anamngojea mwenzake kesho.

Nisamehe, ingawa naona ulishanisamehe. Mungu akulaze pema. Mama ananinunia tangu asubuhi kwa maneno makali niliyomtolea jana katika haraka ya kupakia kibanda, na anajifanya anachambua mchele. Nakuahidi hivi: nikishaikunja barua hii nakwenda jikoni kumwomba radhi, na chai isichemke kabla sijamwomba.

Mwanao,
Mwajuma