Jogoo Ndani ya Sauti Yako

Mjomba Masanja,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kumwandikia mkubwa bila kumwamkia.

Nyumba yetu ya Ngokolo imekuwa kimya. Meza yako ya kutengenezea simu Mama anapangia vyombo. Kompyuta yako iko chumbani kwangu, nimeifunika kanga ya Bibi vumbi lisiingie. Nikitoka shule naiwasha, nakaa mbele yake. Wenzangu wa kidato cha tatu wanadhani nina mtu wa kuongea naye humo. Sina.

Siku ya mazishi mchungaji alisema tumempoteza fundi simu hodari. Nilitaka kusimama niseme ulikuwa mwanasayansi wa kompyuta. Niseme kwamba kazi yako ya mgodini kule Buzwagi ilipokwisha, ulirudi hapa ukaifundisha simu kusoma Kisukuma kwa sauti. Lakini unanijua. Hata jina langu likiitwa darasani, mwalimu hulirudia kwa kutosikia nilivyoitika.

Nakumbuka ulivyoanza. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo ujumbe ukiingia alikuwa anampelekea mtoto wa jirani amsomee, na kabla jua halijazama mtaa mzima unajua mbuzi gani kauzwa na binti yupi kaachika. Ukamwambia, "Mama, siri zako nitakurudishia." Ukajifunika blanketi kuzuia mwangwi, ukaanza kujirekodi ukitamka silabi mojamoja kama mtoto wa chekechea, ili programu iziunganishe kuwa maneno. Mimi nilikuwa uani nafukuza kuku. Ulipofika kwenye ng'wa, jogoo wa jirani yetu Mama Neema akaruka ukuta, akawika. Ukakataa kurudia. "Mwache, na yeye Msukuma."

Tangu hapo kila ujumbe wenye ng'wa ulikuja na jogoo wake. Na kwa Kisukuma mtoto ni ng'wana, utamkwepa wapi? Bibi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Sasa nikuambie yaliyotokea. Matanga yalipokwisha, Mama Mdogo alirudi kwenye mgahawa wake Kalangalala, kule Geita. Jioni simu ya Bibi ikalia, ujumbe umeingia, Bibi akabonyeza kama ulivyomwelekeza. Ikatoka sauti yako, kwa Kisukuma: Mama, nimefika salama.

Mjomba.

Mama alieleza kwamba ni ujumbe wa Mama Mdogo, akaeleza tena. Bibi akasema taratibu, "Nimeelewa. Lakini aliyeniambia ni Masanja." Akaizima simu, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye sanduku la nguo.

Mama Mdogo siku hizi anapiga kwa simu ya Mama. Bibi masikio yake hayashiki maneno ya haraka, na simu ya kupigwa hairudiwi kama ujumbe. Anasema tu "mhola, mhola", kwamba kwake ni salama, kisha anairudisha. Hacheki. Kaka yako mkubwa akaamua: programu ifutwe, marehemu aachwe apumzike. Atakuja Jumapili kuhakikisha. Mama hakumpinga. Na anayejua kuifuta ni mimi peke yangu.

Nilikaa na kompyuta siku nzima bila kugusa kitu. Kisha nikamfuata Bibi jikoni nikamuuliza, je, kama ingesoma kwa sauti nyingine?

"Ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama. "Wewe? Tutakusikia?" Akacheka kidogo. Mjomba, alicheka.

Basi nimejifunika blanketi lako. Bado linanuka risasi ya kuchomelea nyaya za simu. Nilianza kwa kunong'ona, na Bibi akawa nyuma ya mlango ananisahihisha: "Kaza! Hicho ni Kisukuma cha shuleni." Nikakaza. Nimeweka sauti yangu kila mahali palipokuwa na yako, na kila niliyoitoa nilihisi kama nakuzika tena, kidogo kidogo.

Ilibaki silabi moja. Niliitamka vizuri kabisa, ng'wa, safi, haina kuku. Nikamsikilizisha Bibi zote mbili, yako na yangu. Akasema, "Hiyo yake iache. Hiyo naweza kuisikiliza."

Kwa hiyo leo Bibi aliitoa simu sandukuni, na Mama Mdogo alipotuma ujumbe, niliusoma mimi, ndani ya simu, kwa sauti yangu nyembamba, mpaka tulipofika penye ng'wana. Hapo ukaanza wewe, jogoo akawika, nikamalizia mimi. Bibi alirudia ujumbe ule mpaka chaji ikaisha.

Kesho ni Jumapili. Naogopa, lakini kaka yako akiniuliza nitajibu kwa sauti ya kusikika kwamba sikuifuta, na nitamweleza kwa nini. Nakuahidi pia, popote itakaposoma programu hii, nikiulizwa ni kazi ya nani nitakutaja wewe, na sitangoja niulizwe mara mbili.

Pumzika, Mjomba. Hizo silabi nyingine nitazisema mimi.

Ng'wana wako,
Kabula