Somo la Kuzima Moto

Jumatano, usiku

Upepo umetulia. Umetulia sasa, baada ya kuvuma kutwa na vumbi lake la kiangazi, na baada ya nyumba nne kubaki kuta tupu. Nimeketi kizingitini kwa mama mkwe wangu, nanuka moshi kuanzia utosini, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Naiweka hapa.

Niseme ukweli tangu mwanzo: leo nawadharau watu wengi. Nawadharau kwa zamu, na kila nikidhani nimemaliza naona bado yupo mmoja.

Nianze na Bwana Maendeleo. Huyu ni kijana wa suruali ya kaki, aliyeletwa kuja kutufundisha namna ya kuishi. Tulipohamishiwa hapa kando ya barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi na mizigo yao kwenda pwani, yeye ndiye aliyepima viwanja kwa kamba. Nyumba zikae mstari mmoja, zitazame barabara, ili wageni wakipita na gari wayaone maendeleo bila kushuka. Mapaa yawe ya mgongo kama ya mjini, na bati zinakuja. Tangu mwaka juzi zinakuja! Nadhani zinatembea kwa miguu. Basi tukaezeka nyasi, paa kwa paa, nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya usiku mimi nampa pole nikiwa kitandani kwangu.

Nyumba moja tu haikuingia mstarini, nayo ni hii ya mama. Ni tembe, ilikuwapo kabla ya kijiji. Aliijenga marehemu baba mkwe: kuta nene, na paa bapa la magogo yaliyofunikwa udongo. Bwana Maendeleo haipendi hata kuitazama. Anasema ni ya kizamani, ina giza, na siku mvua ikizidi itamwangukia bibi. La giza ni kweli, sibishi. Moshi nao umejaa, na macho ya mama yamekuwa mekundu miaka yote kwa kuwa hataki kupika nje. Amri ya kuibomoa ilishatoka siku nyingi. Wa kuisimamia ni balozi wa nyumba kumi, naye balozi ni Maganga, mtoto wake wa kumzaa. Mume wangu.

Maganga amekuwa akipiga chenga. Leo ana homa, kesho jembe limevunjika mpini. Mimi mjinga nilidhani ni ujasiri wa chini kwa chini.

Sasa ya leo. Asubuhi tuliitwa uwanjani kwenye mkutano wa usalama wa nyumba na barabara. Nilifunga darasa, nikaja na wanafunzi wangu. Bwana Maendeleo akatusomea: msipike ndani, koroboi isikae karibu na chandarua, watoto wasicheze barabarani malori yakipita, kila mlango uwe na ndoo ya mchanga. Maneno mazuri, mengine hata mimi huyafundisha. Angeishia hapo ningempigia makofi.

Hakuishia hapo. Alitaka kutuonyesha kwa vitendo. Akaagiza tita la nyasi, zile zile za kuezekea, akaliweka mbele ya mstari wa nyumba, kwenye upepo uliokuwa ukiwavua wazee kofia. Jirani yangu Mzee Kapela akajaribu: "Bwana, upepo huu lakini..." Akaambiwa mtaalamu yuko kazini. Na mtaalamu akawasha kiberiti.

Nyasi zikashika papo hapo. Akanyanyua ndoo yake ya mchanga, akalimwagia lile tita, akalizima kabisa, akatugeukia anatabasamu.

"Mmeona?"

Tuliona. Tuliona vishungi vya nyasi zinazowaka vimekwisha kuruka na viko juu ya paa langu. Nyumba ya balozi ndiyo ya kwanza mstarini. Heshima hiyo!

Ikaungua yangu, ikafuata ya Kapela, ikafuata ya tatu, ikafuata ya nne. Moto wala haukuhangaika kutafuta njia, Bwana Maendeleo alikwisha kuupimia kwa kamba. Kisima kiko bondeni, na hadi ndoo ya kwanza ifike, vyombo vyangu, godoro na vitabu vya shule vilikuwa majivu. Vijana wakapanda nyumba ya tano wakaing'oa nyasi kwa mikono mpaka zikabaki fito, na hapo ndipo moto ulipokwama. Sisi wanawake tuliwakimbizia watoto kwenye tembe. Cheche zikawa zinaanguka juu ya lile paa la udongo na kufa zenyewe. Mama alikuwa ndani amebandika maharage. Hakupiga kelele, akawatandikia watoto mkeka.

Hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu, na leo namshukuru yeye peke yake.

Nilidhani aibu itammaliza yule kijana, tutamkuta amejificha mahali analia. Thubutu! Alasiri alikuwa ameketi kivulini, kwenye ukuta wa tembe hili hili analotaka livunjwe, ameshika kikombe cha togwa alichopewa na mama. Akatwambia sisi tuliounguliwa kwamba kesho mkubwa wake anakuja kutoka wilayani, na mkubwa lazima aelezwe chanzo cha moto. Akatukumbusha kwamba bati zikifika, waliounguliwa watafikiriwa kwanza. Akapiga funda la togwa ili tuimeze hiyo. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama si kweli kwamba bibi alikuwa anapika ndani wakati ule.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Kijiji kizima kiliona nani alishika kiberiti. Nikawatazama mmoja mmoja. Kapela akainama akaanza kushughulika na ukucha wa dole gumba. Mwingine akajifanya anamwita mbuzi. Wanaume wazima na ndevu zao, na wote walikuwa wametoka kula maharage ya yule mama, kwa sababu ya kwao yaliungua.

Mama si mtoto, alielewa anaulizwa nini. Akasema kwa Kinyamwezi kwamba waseme ni yeye. Yeye amezeeka, watamfanya nini? Ni heri hivyo kuliko mwanawe kugombana na wakubwa.

Bwana Maendeleo hajui Kinyamwezi, ikabidi mtu amtafsirie. Mume wangu akatafsiri. Alisimama wima akatafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Halafu akamgeukia mama yake.

"Ahsante, mama."

Ahsante!

Nimekaa na mwanamume huyu miaka, nimemzalia watoto, nimemwuguza, nimemtetea kwa ndugu zangu waliosema nimeolewa porini. Sijapata kumwona mdogo kiasi kile. Ningemwonea huruma kama ningekuwa nayo ya kubaki, lakini yote nimeitumia kwa mama.

Nilimfuata Maganga nyuma ya nyumba. Akaniambia, "Mwalimu, usiyakuze mambo. Ni maneno tu hayo. Tembe lenyewe lingebomolewa tu hata bila moto."

Maneno tu! Yeye amezaliwa huku, anajua kuliko mimi mtoto wa mjini. Kesho mama atatajwa mbele ya watu kuwa ndiye aliyeunguza kijiji. Tembe litavunjwa, naye atapelekwa kwenye kibanda cha nyasi mwisho wa mstari, akae peke yake. Mjane, kikongwe, macho mekundu. Leo wataita uzembe. Mwakani mtoto wa mtu akichukuliwa na homa, watakumbuka nani aliunguza nyumba zao, na hawataita uzembe tena, wataita uchawi. Vikongwe wangapi wameuawa kwa neno hilo, na waliowaua wakaendelea kulima mashamba yao kama kawaida? Nilimwambia Maganga hivyo hivyo, bila kuficha. Akanijibu kwamba napenda kutia chumvi.

Sasa amelala kwenye mkeka wa mama yake, chini ya paa la mama yake, ameshiba chakula cha mama yake. Na wale majirani waliofyata mkia wamejipanga humo humo na familia zao, mmoja anakoroma. Bwana Maendeleo amepewa kitanda. Mama ndiye aliyempisha.

Sijifanyi shujaa. Naogopa. Mwalimu anayembishia ofisa mbele ya mkubwa wake anaweza kujikuta amehamishiwa huko mbele ya Nzega, kwenye shule ambayo haijaezekwa, na watoto nitamwachia nani? Na mke anayemwumbua mumewe hadharani atasemwa kisimani mpaka meno yamtoke. Mama mwenyewe ameniomba ninyamaze. Aliniomba huku ananipakulia, akaniita mwanangu, akasema ameishi vya kutosha.

Nilikula. Nikaosha vyombo vyake.

Nimekwisha kumwambia Maganga: kesho kabla mgeni hajashuka garini, aamue kama atasema yeye au niseme mimi. Akisema yeye nitamwamkia kwa heshima zote na kumpikia ugali wake mpaka kufa. Akinyamaza, nitasimama katikati ya uwanja na kueleza moto umetoka mfuko gani wa suruali, na kila niliyemwona pale nitamwita kwa jina aseme kama nadanganya. Nilipomwambia hivyo aligeukia ukutani.

Najua atachagua nini. Gauni langu la mikutano limeungua pamoja na nyumba, kwa hiyo nimemwomba mama kanga ya kuvaa kesho. Hakuniuliza ya nini. Amefungua sanduku lake, akanitolea ile ambayo haijafuliwa hata mara moja.