Maji Aliyoniletea Dahir

Garissa,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya habari zangu nataka zako. Goti limepoa? Na yule mbuzi aliyetafuna khanga ya dada yangu Rukia, ameuzwa au bado anatawala uani? Najua anayekusomea ni Rukia mwenyewe, basi nampa salamu zake papo hapo, na namwomba asome yote bila kuruka, hata penye aibu. Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa sababu ninakula, ninalala, na ninaendesha lori. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yangu, maana tangu safari ya Wajir nimekuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Ukiufinya, hausikii.

Barua yako ya mwisho iliniuliza jambo moja tu: tumbo langu limepona? Ukaongeza kwamba nisirudi Malindi na mdudu tumboni, nikaja kuwamalizia wali. Nitakujibu, lakini jibu lenyewe ni refu.

Kilichoniingia ni tegu. Nilimjua kwa vipande vyeupe, bapa kama tambi, na Rukia asicheke. Tulimpata kwenye nyama. Tukilala njiani moto hauruhusiwi kuwaka muda mrefu, askari hawataki uonekane na mashifta walio porini, kwa hiyo nyama tunaila ingali nyekundu ndani. Mbegu za maboga ulizoniletea nilizitwanga kama ulivyoagiza, nikazila na asali kabla ya chakula. Vipande vilitoka, mwenyewe akabaki.

Dahir aliniona nikitwanga akacheka kwa namna yake, kiganja mdomoni. Ni yule utingo wangu niliyekuandikia habari zake, anayepakia mzigo na kulala juu yake. Msomali, mzaliwa wa hapa hapa Garissa, umri wetu mmoja.

"Walaal," akaniambia, ndiyo ndugu kwao, "hii ni chakula ya kuku. Njoo kwa hooyo yangu. Atakuba maziwa ya ngamia, ile ya asubuhi. Kunywa kibuyu moja tu, utakimbia mwenyewe."

Mama yake anauza maziwa karibu na soko la mifugo. Alinipa kibuyu kizima, akakataa malipo, akasimama mbele yangu mpaka nimalize. Nilikimbia kweli, Mama. Dahir alinifuata nyuma na kopo la maji, maana mimi kwa haraka nilikwenda mikono mitupu, na yeye alisema Mwislamu haachwi chooni bila maji. Lilikuwa kopo la samli, kubwa, alilolitoboa matundu mawili ukingoni akalitia mshipi wa katani. Siku hiyo tulicheka sote, na mama yake pia. Lakini tegu hakutoka.

Basi nikaenda hospitali. Dresa wa hapa ni mtu wa maneno machache. Alinipa vidonge kwenye karatasi na chumvi ya haluli, akaniambia jioni nisile ila uji mwepesi, asubuhi nimeze vidonge, jua likipanda ninywe haluli, na siku hiyo nisiende popote, nikae na choo. Halafu akanisisitizia: nitazame kinachotoka mpaka nione kichwa, ambacho si kikubwa kuliko kichwa cha pini. Kichwa kikibaki, mdudu hukua upya, na dawa yote ni bure. Nikachagua siku ambayo hapakuwa na msafara.

Huku gari haliendi peke yake tangu vita hivi vya mashifta vianze. Malori husubiriana kizuizini mpaka wanajeshi waseme twende, gari lao moja mbele na jingine nyuma. Ukikosa msafara unakaa mpaka mwingine, na hakuna ajuaye ni lini. Kila mara kabla ya kuondoka tunasomewa amri: mtu asitoke barabarani, na maji yasiondoke garini, kwa kuwa walio porini wanaishi kwa maji wanayopelekewa. Nimeisikia amri hiyo mpaka naweza kuisoma mwenyewe.

Siku niliyoichagua, nilikuwa nimeshameza vidonge na haluli imo tumboni, tajiri wetu akaja mbio. Msafara umeitwa ghafla.

"Leo sifai," nikamwambia. "Nimekunywa dawa ya kuharisha."

"Unga wa watu wa Wajir umelala hapa," akasema. "Kuharisha utaharisha njiani."

Dahir akaingilia. "Tajiri, leo huyu si derefa. Leo huyu ni mgonjwa. Wacha gari mbaka kesho."

"Kesho hakuna msafara. Na wewe huwezi kuendesha. Basi?"

Basi nikaendesha. Juu ya magunia walipanda kina mama waliokuwa wanarudi kwao Wajir, na Dahir akakaa nao.

Nilijizuia tangu Garissa mpaka tulipopita Modogashe. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka usukani unateleza. Hapo gari la mbele likasimama, sijui kwa nini, na msafara wote ukasimama. Wengine waliteremka wakachuchumaa kando ya magurudumu yao, jambo ambalo askari hawalikatazi. Mimi nilikuwa na wanawake juu ya kichwa changu, Mama. Unanijua. Nikamwonyesha tumbo askari aliyekuwa karibu, akapunga mkono kwamba niende. Nikaingia nyuma ya vichaka, kisha mbele kidogo tena, mpaka nilipohakikisha hawanioni. Kopo sikulikumbuka.

Nikiwa nimechuchumaa nilimsikia Dahir. "Walaal, uko wabi? Maji yako!" Ile sauti yake ya kawaida, ya kunicheka. Nilitaka kumjibu kwamba arudi, lakini tumbo lilikuwa limenishika, pumzi haikutoka. Askari wa gari la nyuma hakuwa ameniona nikiomba ruhusa. Alichoona yeye ni Msomali anatoka barabarani na kopo la maji, anaita mtu porini.

Risasi niliisikia, nikadhani ni gurudumu limepasuka.

Nilipotoka, suruali naishika kwa mkono, alikuwa amelala kifudifudi. Kopo lilikuwa limeanguka ubavu mbele yake na mchanga ulikuwa umeshakunywa yote. Nilikaa chini. Nilikuwa nimejisafisha kwa mawe tu, na nakumbuka nilikuwa nafikiria hilo, kwamba sijatawadha na siwezi kumshika. Sijui kwa nini nilifikiria hilo.

Ofisa akaja. "Huyu alikuwa anampelekea nani maji?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kichakani. Nimekunywa dawa ya tegu."

Akaniangalia, akaiangalia suruali yangu, akanusa, akaamini. Nadhani aliamini. Yule askari alikuwa kijana tu, akawa anasema, "Kopo, afande, alikuwa na kopo," anarudia. Ofisa akamwambia anyamaze. Akatuambia tumpakie.

Tulimzika Habaswein. Wazee wa pale walimwosha, nami nikiwa mmoja wa walioshika maji. Maji ya kumwosha yalipatikana, Mama. Ofisa mwenyewe alitoa pipa zima kwenye gari lao, akasema tutumie tunavyotaka. Tuliosha tukamaliza, na mengine yakabaki.

Sikulia. Kina mama walilia njia nzima juu ya magunia, mimi nikaendesha mpaka Wajir, nikashusha unga, nikapakia ngozi, nikarudi. Tumbo lilitulia tangu siku hiyo, sijui limekwenda wapi. Jana nimemrudia dresa, akaniuliza kama niliona kichwa. Nikamwambia sikutazama. Akasema basi tunaanza upya, akanipa karatasi nyingine ya vidonge na haluli nyingine. Ziko mfukoni. Sijameza. Kila nikizitoa nasikia mtu ananiita.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sijui kama nimepona. Nitazimeza, kwa sababu umeniagiza na kwa sababu nataka kurudi nyumbani. Tajiri amekubali niteremke na lori la ngozi, lakini si kabla ya kumaliza dawa. Safari hii nimemwambia sitoki chooni hata mbingu ianguke, akainamisha kichwa tu.

Nisalimie mjomba Shee, na umwombe awasomeshe watoto wa chuoni hitima kwa jina la Dahir, mtu wa Garissa. Mwambie alikuwa mtu wa swala. Shangazi Mwanaisha mpe pole ya jino. Shemeji yangu fundi seremala mwambie kile kitanda anachonichongea asiharakishe. Babu wa jirani nimsalimie vipi, naye hasikii? Mshike mkono kwa niaba yangu. Na Rukia, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Bado kidogo.

Nilikwenda kwa mama yake Dahir siku ile ile niliyorudi. Habari ilikuwa imeshamfikia. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, vibuyu vimepangwa ukutani, hakuna aliyeuza siku hiyo. Nilikaa mbele yake. Naye hakuniuliza nani alipiga, wala kwa nini, wala amelala wapi. Aliniuliza jambo moja.

"Mtoto yangu alikubelekea maji. Ilikufikia?"

Nikasema, "Ilinifikia, hooyo. Nilitawadhia."

Akasema, "Alhamdulillahi." Akawatazama wenzake, akawaambia kwa lugha yao, nao wakasema vile vile. Kisha akachukua kibuyu akanimiminia maziwa, akasimama mbele yangu mpaka nimalize. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi nikiwa Garissa, hunitumia kibuyu kizima na kuuliza tumbo langu.

Hayakunifikia, Mama. Wewe nakuambia ukweli, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kutokwenda popote bila maji, na siku moja nilisahau. Lakini yule mama ndugu zake wako Lamu, na anasema akienda kwao atashuka mpaka Malindi akukamate mkono, mama wa Salimu kwa mama wa Dahir. Akija, mpe nafasi nzuri, mpe chai. Na akikuuliza, mwambie yalifika.

Mwanao,
Salimu.