Komeo la Chumba cha Kushonea

4 Juni 1974

Binti yangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona miezi sasa. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananibishia. Wewe je?

Nasikia umewagomesha wanawake wenzako, mnaimba haki mbele ya kiwanda. Haki gani? Kazi hiyo ulipewa kwa jina langu. Milango ya hapo nimeiunda mimi, na komeo la mlango wa nyuma fundi mwingine hawezi, hata azaliwe upya. Meneja kaja mwenyewe karakanani, anataka la pili. Uso wangu niuweke wapi? Mwombe radhi, urudi kwenye cherehani.

Baba yako, fundi mkuu

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi sijambo, koo tu limekauka.

Mlango huo wa nyuma ndio wa chumba chetu cha kushonea. Tukiingia asubuhi meneja anatufungia kwa nje hadi jioni. Wanaume wa chumba cha kukatia wao wanatoka kuvuta sigara wanavyotaka. Mwenzangu wa cherehani ya jirani alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Tuligonga kwa mikasi, tukagonga kwa pasi. Meneja alikuja alipomaliza kula. Mtoto hakupona.

Mlango tuliusukuma sote, Baba. Komeo lako halikutikisika.

Shangazi na wenzake waligoma ili wanawake waajiriwe humu. Sisi tunagoma ili tuweze kutoka. Usimuundie la pili.

Mwanao

15 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Magoti usiyaulize.

Yule mtu aliniambia ni stoo ya vitambaa. Ndiyo maana nikaliweka nje. Kitambaa hakibanwi na haja, wala hakizai. Nimemfuata ofisini, akacheka, akaniambia, “Mzee, wanawake ukiwaachia mlango wanazurura.” Eti komeo ni lake, keshalilipia.

Mimi si mtu wa chama chenu, na nyimbo zenu siziwezi. Lakini kazi ya mikono yangu haitaua watoto wa watu. Ninyi msiliguse, mtaumia bure. Wa kulitoa ni mmoja tu chini ya jua. Nakuja Jumatatu.

Baba yako

24 Juni

Baba uliyeko rumande,

Shikamoo. Magoti yanasemaje kwenye sakafu hiyo?

Tulidhani utang'oa komeo, kumbe umeondoka na mlango mzima. Meneja kazunguka kwa mafundi wote wa mji, kila mmoja anasema hathubutu kugusa kazi yako. Tumerudi kushona, na anayetaka kutoka anatoka. Meneja anasema ukiomba radhi na kurudisha mlango, anafuta kesi ya wizi.

Mama wa yule mtoto anakusalimu. Kila jioni tuko naye nje ya kituo, tunaimba. Unatusikia?

Mwanao

26 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Radhi sina. Mlango nimeupasua, na vipande sikumbuki nimeviweka wapi, hivyo ndivyo nilivyomjibu mkuu wa kituo. Mlango wa humu rumande umechomelewa ovyo, aibu tupu, ningeutoa kwa kijiko.

Nawasikia. Mnaimba vibaya. Yule mama mpangeni mbele, karibu na dirisha la mkuu wa kituo, aanze wakati mkuu anakula. Na msinyamaze mpaka aache sahani.

Baba yako