Maziwa ya Moshi Si Kampaundi

Isiolo mjini,
Ijumaa, baada ya Asri.

Kwa kaka yangu Jirma,

Asalaam aleikum warahmatullah. Mguu wako unaendeleaje? Wifi na watoto je, na ngamia wamepata maji huko Sericho? Sisi hapa tu wazima, Alhamdulillahi. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu nina mtihani wa kemia, na siwezi kuingia bila radhi yako. Sababu nitaifikia. Wacha kwanza nijisifu kidogo, Mungu anisamehe.

Unajua nasoma darasa la watu wazima jioni, nikimaliza kuuza maziwa. Mwaka jana mwalimu Kinoti, kijana wa Kimeru mwenye subira, alituuliza mfano wa kampaundi. Nikasimama mbio nikasema ni maziwa yetu ya ngamia, maana moshi wa kufukiza kibuyu ukishaingia hakuna wa kuutoa. Darasa likacheka. Lul, tunayeuza naye soko moja, akasema kesho nilete na vikombe waionje hiyo kemia. Mwalimu akaeleza kwamba huo ni mchanganyiko tu, hakuna kilichoungana kikawa kingine.

Niliona aibu, lakini sikuacha. Juzi akaja mkaguzi, akauliza elementi, molekuli na kampaundi zinatofautiana vipi. Nikasimama mimi. Nikamwambia elementi ni kitu cha aina moja, kama shaba ya bangili yangu, ukiikata mpaka mwisho ni shaba tu. Molekuli ni atomu zimeshikana, hata zikiwa za aina moja, kama oksijeni tunayovuta, zinatembea mbili mbili. Lakini kampaundi lazima aina tofauti ziungane, zitoe kitu kipya: haidrojeni inawaka, oksijeni inachochea moto, zikiungana ni maji, na maji ndiyo yanazima moto. Mkaguzi akauliza nimefundisha miaka mingapi. Aliyemjibu ni Lul: "Huyu ni mama wa maziwa, na ni wetu."

Sasa lile jambo, kaka. Kile kitabu cha kemia cha shule, ulichoapa hukukipoteza na hakuna aliyekuamini, nilikichukua mimi. Kusoma sikujua vizuri; nilipenda zile picha za vimpira vimeshikana viwili viwili. Baba alikuchapa, shule ikakufukuza muhula mzima, na mimi nilisimama pale na ndoo ya maji nikanyamaza. Wewe ulisema kweli. Leo nimewaambia wanangu wote, wajue mjomba wao hakuwa mzembe wala mwongo. Kitabu nimekifunga kwa leso, nimempa Arero, dereva wa lori la maziwa, akuletee pamoja na barua hii. Kurasa zote zipo.

Msalimie wifi sana, na watoto mmoja mmoja. Arero atalala huko na kurudi Jumapili. Tafadhali mpe jibu, hata mstari mmoja.

Dada yako,
Kabale