Ng'ombe wa Ubaoni

Jumatatu, 5 Agosti 1912

Ukungu tangu asubuhi. Mlima haukuonekana kabisa. Baridi ya kukunja vidole.

Leo Bwana Hellwig, mwalimu wetu, ametangaza jambo jipya. Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wanaojua hesabu watakaa na wale ambao zinawashinda. Wawili wawili, barazani pa karakana ya seremala, mpaka kengele ya kazi ya shamba. Anasema anayetaka kuwa mwalimu kesho aanze kufundisha leo. Mwezi ujao anakuja mkaguzi kutoka Moshi. Atakayefaulu ataendelea katika chuo chetu cha walimu. Atakayeshindwa hesabu atarudi kwao, hata kama anaimba vizuri kanisani! Hapo alimtazama Gidion. Tulicheka sote, na Gidion mwenyewe.

Mimi nimepewa Lerionka.

Ni kijana wa Kiarusha, kwao upande wa Kisongo. Mrefu, mpole, hukaa nyuma karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuitwa. Katika hesabu hupata sifuri. Si kidogo — sifuri. Baba yake hakupenda asome. Amempa nafasi mpaka mtihani huu tu. Akishindwa, arudi kuchunga na habari ya vitabu isisikike tena nyumbani. Aliniambia mwenyewe tulipokuwa tukiosha bakuli. Kisha akasema, "Nataka kuwa mwalimu, kaka Thomasi. Kwetu hayupo hata mmoja."

Nimepokea kazi hii kwa moyo. Tangu mke wangu Susana afariki, mchana ndio mrefu. Afadhali upate kazi.

Jumatano, 7 Agosti

Kikao cha kwanza. Kibaya!

Niliwaza: huyu ni mtoto wa wafugaji, nimpe kitu anachokijua. Nikaandika kwenye kibao: mtu ana ng'ombe kumi na wawili, anawagawia wanawe watatu sawasawa, kila mmoja anapata wangapi? Nikamsomea taratibu. Akatazama kibao. Kisha akatazama migomba. Nikapunguza ng'ombe, wakawa sita. Akaanza kukwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Nikapunguza tena, ng'ombe wanne kwa watoto wawili. Jasho usoni, kwenye baridi yote hii.

Gidion alikuwa pembeni na mwanafunzi wake. Akasema, "Thomasi, endelea kupunguza. Abaki ng'ombe mmoja na mtoto mmoja, labda hapo ataweza." Wengine wakacheka. Lerionka naye akacheka kidogo, kwa adabu tu. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilimwambia, tutaonana kesho. Lakini moyoni — labda kichwa chake kimefungwa kweli.

Susana alikuwa akimenya ndizi anataka ganda litoke refu bila kukatika. Likikatika, anacheka puani, anachukua nyingine. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo leo.

Jumamosi, 10 Agosti

Somo la viumbe. Bwana alileta mifupa ya kondoo ndani ya kikapu, kila meza ipange kondoo wake. Wangu nilimwekea miguu ya nyuma mbele na ya mbele nyuma! Bwana alisema kondoo huyu hajui aendako. Lerionka akaja polepole, akageuza mfupa mmoja, akageuza wa pili, kondoo akakaa sawa. Akanishika mkono nipapase mwenyewe: nyonga ina kikombe kirefu, bega lina kisahani tu. Nilikosea tena. Akanieleza tena, hakuchoka, hakucheka. Sasa naijua mifupa hiyo hata gizani.

Kwa hiyo kichwa hakijafungwa. Basi ni nini?

Jumapili, 11 Agosti

Leo nimepata jibu, na nimepata aibu pamoja nalo.

Baada ya ibada alikuja mama yake Lerionka, Mama Nosim. Alitoka Kisongo jana, akalala kwa ndugu zake karibu na boma la Arusha. Amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya mwanawe. Mama Tabea, mpishi wetu, akampa kigoda jikoni. Nikaenda kumwamkia. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kwa vidole vyake baridi. Akaniuliza habari za migomba, za mvua, za baba yangu. Kiswahili chake cha sokoni, lakini kinatosha.

Nikataka na mimi kuwa na adabu. Nikasema, "Na nyumbani, mama, mna ng'ombe wangapi mwaka huu?"

Mama Nosim akaziba mdomo kwa shuka. Lerionka akainamia bakuli lake. Mama Tabea akanivuta shati mpaka nje.

"We Thomasi! Ulilelewa porini?"

"Nimefanya nini, mama?"

"Unamuuliza mtu idadi ya mifugo yake! Unataka wafe?"

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwao kilicho hai hakihesabiwi, wala ng'ombe wala watoto. Ukikipa namba, umekionyesha kwa kifo. Mwenye ng'ombe anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Jioni wakiingia zizini anatazama tu, anajua nani hayupo. Namba ya nini?

Na mimi nilijua! Bibi yangu alinipiga mkono nilipokuwa mdogo kwa sababu nilinyooshea vifaranga kidole, moja, mbili, tatu. Mtu wa huku huku mlimani, nimekaa darasani mpaka nimesahau. Yule kijana nimempa ng'ombe kumi na wawili awahesabu. Nikampa sita. Nikampa wanne. Nikadhani namrahisishia!

Jumatatu, 12 Agosti

Nilianza kwa kumwomba radhi. Akasema hakuna neno. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ungesema natafuta sababu, kaka. Gidion angesema hivyo."

Basi leo nimeleta mkungu wa ndizi. Wa kweli, si wa kuandika. Nikauliza, chane saba, kila chane ndizi kumi na nne, zote ngapi?

"Ndizi za nani?"

"Zangu."

"Hazitakufa?"

"Zitaliwa leo jioni."

Akacheka, mara ya kwanza nimeona meno yake yote. Akasema, chakula cha Wameru anaweza kuhesabu mpaka Momela na kurudi. Akachukua chaki. Tisini na nane! Hakupapasa hata kidogo. Nikampa kugawanya. Akagawanya. Nikampa mzigo wa mahindi, vigingi vya zizi, magogo ya karakana. Yote sawa. Kengele ya shamba ilipolia tulikuwa tumekula ndizi tatu za hesabu.

Nina furaha usiku huu. Furaha ya kawaida, ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta mfukoni mwake.

Jumanne, 20 Agosti

Sehemu: nusu, theluthi, robo. Nilihofia, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tulipolia. Nikatumia zamu za maji ya mfereji. Baba yangu ana maji kuanzia jogoo mpaka adhuhuri, muda wa saa sita, akimpa jirani theluthi, zimebaki saa ngapi? Lerionka akauliza kwanza kama jirani huyo ni mkorofi. Nikasema ni mkorofi sana. "Basi asipewe theluthi. Robo inamtosha." Akafanya hesabu ya robo, kisha ya theluthi ili nisikasirike. Zote sahihi.

Gidion amekuja kuketi nasi. Mwanafunzi wake bado anapambana na kujumlisha. Anasema anataka kuona dawa ninayomnywesha Lerionka. Nikamwambia, ndizi. Hakuamini.

Mvua ya manyunyu. Loshoro ya Mama Tabea, mahindi ya maziwa ya mgando, ilikuwa tamu mno leo, nilirudia bakuli.

Jumapili, 25 Agosti

Mzee wa kanisa alipita mabwenini na kitabu cha Wakristo. Anaandika kila nyumba ina watu wangapi. Akaniuliza. Nikasema, "Mmoja." Akaandika, akapita. Ni kazi yake.

Lerionka alikuwa kitandani kwake anashona mkanda. Mzee alipotoka akasema, "Kaka, mbona umekubali akuhesabu?"

Nikamwambia habari za Susana. Sikuwa nimemwambia. Homa ya siku chache tu, wakati wa mahindi machanga. Nikamwambia pia kuhusu jogoo wake, ambaye alimwita Akida, kama msimamizi wa serikali, kwa sababu anapiga kelele na hafanyi kazi. Lerionka alicheka mpaka akadondosha sindano. Nilifurahi kusikia mtu anamcheka yule jogoo tena.

Kisha akasema kwamba mama yake, akiulizwa watoto wangapi, hasemi ngapi. Anataja majina, wa kwanza mpaka wa mwisho. Hata yule aliyezikwa humtaja, katika nafasi yake. "Siku nyingine useme majina tu."

Nimejaribu hapa peke yangu. Nyumba ya Thomasi: Thomasi, Susana.

Ni kweli. Inasomeka vizuri zaidi.

Jumatano, 28 Agosti

Wasiwasi. Bwana ametusomea maswali ya mwaka jana ya mkaguzi, tujizoeze. Ng'ombe! Swali baada ya swali ng'ombe, kwa sababu wanadhani ndicho tunachopenda. Mtu ana ng'ombe hawa, anauza hawa, wamebaki wangapi. Na hujibiwa ubaoni, kwa sauti.

Nilisema nitakwenda kwa Bwana nimweleze. Lerionka akakataa. Anasema mwaka jana mtu wa kwao alieleza, akaambiwa ni ushirikina, na ikaandikwa. Hataki kuandikwa.

"Basi kichwani uwageuze wawe ndizi," nikasema.

"Mdomo ukisema ng'ombe, ni ng'ombe."

"Lakini ni ng'ombe wa ubaoni tu, Lerionka! Hawana hata mkia."

"Wa ubaoni ni wa nani? Mimi nikisimama pale, najua ng'ombe gani wengine, kama si wa baba?"

Sikumlazimisha. Baadaye, tukichota maji, akasema mwenyewe kwamba wakifa anaweza. Ngozi huhesabiwa. Ngozi haina roho. Gidion akadakia, "Basi muulize mkaguzi kwanza kama ng'ombe wake wako hai au wamekufa!" Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Lerionka hakucheka sana.

Jumatano, 11 Septemba

Mkaguzi amefika jioni kwa punda. Mtu mzima, ndevu nyeupe, anakohoa. Mama Tabea amemchinjia kuku.

Tumerudia kila kitu. Lerionka hana tena pa kufundishwa, ila pale penye ng'ombe. Mama yake ametuma kibuyu kingine, na neno kutoka kwa baba: anasubiri kusikia. Tumekunywa maziwa, tumelala mapema. Yaani wenzangu wamelala.

Alhamisi, 12 Septemba

Mlima uko wazi kabisa, na jua.

Tumeingia mmoja mmoja. Mimi nimekwisha kutoka. Mifupa niliulizwa! Nikasema nyonga kikombe, bega kisahani, mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hesabu zote nimepata, nadhani. Sasa naandika hapa chini ya dirisha, daftari gotini. Lerionka yuko ndani. Gidion yuko karibu nami, anatafuna jani.

Zamu za maji amepata. Magunia ya kahawa amepata, haraka kuliko mimi. Sauti yake haitetemeki.

Swali la mwisho. Bwana Hellwig anasoma. Mtu ana ng'ombe kumi na watano, anauza theluthi. Wamebaki wangapi?

Gidion ameacha kutafuna.

Kisha Lerionka, kwa heshima: "Bwana, hao ng'ombe wako hai?"

Lo! Amesema kweli. Gidion amejiziba mdomo. Ndani Bwana anamtafsiria mkaguzi kwa Kijerumani. Mkaguzi anakohoa, anajibu. Bwana anasema, "Wako hai, Lerionka. Nani anauza waliokufa?"

Nasikia chaki inawekwa chini. Nimefumba macho. Basi, imekwisha, najiambia.

Haijaisha! Anasema, "Basi nitawataja waliobaki."

Na anataja. Mweusi mwenye tumbo jeupe. Binti yake, wa kijivu. Yule mwenye pembe iliyoinama. Mwekundu wa mama. Anawaita mmoja mmoja, taratibu, kama jioni wakiingia zizini. Wa madoa. Hapo vidole vyangu vya mkono wa kushoto vimejaa — sisemi namba, vidole vimejikunjua vyenyewe, bibi anisamehe. Nimevikunja, vinaanza upya.

Bwana amemtafsiria mkaguzi jina la kwanza na la pili, kisha ameacha. Hakuna anayemkatiza. Hata kikohozi hakisikiki.

Mwekundu mwenye sikio lililopasuka. Mweupe. Yule mvivu wa kupanda kilima. Ndama wake, anayemfuata.

Amenyamaza.

Gidion ananitazama mkono. Kidole gumba bado kimekunjwa: hajamtaja wa mwisho. Ndani kiti kimesogea, sijui cha nani, na Lerionka anavuta pumzi —